Nyanya cheri: kwa tumbo linalosumbua, tatu zinatosha

Kwa miaka kadhaa, watu wenye IBS, tatizo sugu la utumbo linaloleta maumivu, gesi, kuharisha au kukosa choo, waliambiwa wale nyanya bila wasiwasi. Kisha Chuo Kikuu cha Monash kilichopo Melbourne, Australia, ambako mlo wa FODMAP kidogo ulibuniwa, kikazipima upya. Nyanya cheri, zile ndogo zinazotafunwa nzimanzima, zikawekewa kipimo: gramu 45 kwa mlo mmoja, yaani takriban tatu.

FODMAP ni kundi la sukari na wanga ambazo utumbo mwembamba hushindwa kuzifyonza vizuri. Kwenye nyanya, inayohusika ni fruktosi. Ikiandamana na glukosi ya kutosha, hufyonzwa bila shida. Ile inayozidi hubaki utumboni na kuvuta maji, na ikifika utumbo mpana bakteria huichachusha na kutoa gesi. Hayo humtokea hata mtu mzima wa afya. Ila neva za utumbo wa mwenye IBS huhisi upesi mno, hivyo gesi ambayo mwenzake haitambui, yeye humsokota.

Kwa hiyo nyanya haikupigwa marufuku. Kinachotazamwa ni kiasi, na pia zinaliwa na nini. Hapa ndipo wengi wetu tunakosea: mtu anakula kachumbari, tumbo linajaa, anailaumu nyanya, kumbe kitunguu ndicho chenye fruktani nyingi, aina nyingine ya FODMAP, na hata kidogo chake kinatosha kumsumbua. Kukitoa kwenye mchuzi baada ya kuiva hakusaidii, kwa sababu fruktani huyeyuka katika maji. Haziyeyuki katika mafuta. Ndiyo maana unaweza kukaanga vipande vya kitunguu saumu, ambacho nacho kina fruktani, ukavitoa, ukapikia mafuta yale. Majani mabichi ya kitunguu nayo yanafaa.

Mlo wa FODMAP kidogo si wa maisha. Hatua ya kujinyima huchukua wiki 2 hadi 6, kisha vyakula hurudishwa kimoja kimoja ili ujue kinachokudhuru ni kipi. Anayeng'ang'ania kujinyima anaweza kuambulia upungufu wa lishe, basi tafuta mtaalamu wa lishe akuongoze. Na ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu au ukipungukiwa damu, usihangaike na hesabu ya nyanya: nenda hospitali kwanza.