Je, Wajua? Mji Unaomwaga Vyungu Vyake Barabarani

Mashiko ni mji mdogo katika mkoa wa Tochigi, kilomita zipatazo 100 kaskazini mwa Tokyo. Siku za kawaida utaona mashamba ya mpunga, vilima vyenye misonobari na mabomba ya moshi ya matanuri. Mara mbili kwa mwaka mambo hubadilika. Mwishoni mwa Aprili kuingia Mei, na tena mwanzoni mwa Novemba, barabara kuu haipitiki kwa urahisi: maduka kama 50 hutoa vyombo nje, na mahema zaidi ya 500 hujaza kila uwanja ulio wazi. Tamasha hilo lilianza mwaka 1966 na linaendelea mpaka leo.

Kinachouzwa pale si mapambo ya kabatini. Ni bakuli za wali, mabuli ya chai, sahani za samaki, vikombe na vyungu vya kupikia, yaani vyombo ambavyo kesho asubuhi vitakuwa kwenye beseni la kuoshea. Aliyekaa nyuma ya meza mara nyingi ndiye aliyevifinyanga, kwa hiyo mnunuzi humuuliza mwenyewe: kinahimili moto? Kikitiwa siki kitachuja rangi? Mfinyanzi hana pa kujificha.

Je, wajua kwamba udongo ulioupa mji huo sifa hauna sifa? Mtu aliyezoea kufinyanga kaure angeukimbia. Una mchanga na chuma kingi, hauvutiki, na ukijaribu kusimamisha ukuta mwembamba unakulalia mikononi. Ndiyo maana vyombo vya Mashiko ni vinene na vizito. Otsuka Keisaburo, aliyejenga tanuri hapo mwaka 1853, hakuwa na haja ya wembamba. Yeye na waliomfuata walitengeneza mitungi ya maji, vyungu vya kuhifadhia vyakula vya chumvi na bakuli za kusagia, na soko lao lilikuwa majiko ya Tokyo, ambayo wakati ule ilikuwa ikiitwa Edo. Kwa kazi hiyo unene ni faida: chombo kinene kikishika joto hakiliachii upesi.

Faida hiyo haikutosha milele. Sufuria za aluminiamu na majiko ya gesi vilipoenea, wapishi wa mjini waliviacha vyungu, na vyumba vya wafinyanzi vikajaa bidhaa isiyo na mnunuzi. Hapo ndipo treni ilipoingia kwenye habari hii.

Kwenye reli iliyotoka Tokyo kwenda milima ya Nagano kulikuwa na stesheni inayoitwa Yokokawa, chini ya mlima wa Usui. Kuanzia hapo reli ilipanda mita moja kwa kila mita 15, mwinuko ambao kichwa kimoja cha treni hakikuuweza. Kila treni ilibidi isimame ifungiwe vichwa vingine vya kuisukuma. Abiria wakingoja. Duka la chakula la pale stesheni, Oginoya, lilikuwa likiuza chakula cha kufunga kama maduka mengine yote ya reli, na chakula hicho kilikuwa kimepoa. Mwaka 1958 likaja na jambo jipya: wali ulio moto, ndani ya chungu kidogo chenye kifuniko, kilichofinyangwa Mashiko katika kiwanda cha Tsukamoto. Juu ya wali kuna vipande vya kuku, uyoga, machipukizi ya mwanzi, yai la kware na hata aprikoti moja. Kwa unene wa chungu, wali ulibaki na joto treni ikipanda mlima.

Chungu hakirudishwi. Abiria alishuka nacho, akaenda nacho nyumbani, akagundua kwamba kinatosha kabisa kupikia wali wa mtu mmoja. Reli ya mlima ule ilifungwa mwaka 1997 treni za kasi zilipopata njia yake, lakini chungu bado kinauzwa, na katika nyumba nyingi za Japani hukosi kukuta kimoja kikipandwa maua au kikiwekewa chumvi. Ukiniuliza mimi, hicho ndicho chombo cha maana kuliko vyote vilivyotoka Mashiko, ijapokuwa hakuna jumba la makumbusho litakalokiweka kwenye kioo kando ya kazi za mabingwa.

Na mabingwa wapo. Minagawa Masu, kwa mfano, alikuwa mchoraji wa mabuli. Alianza utotoni na kuendelea mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1960. Mchoro wake ulikuwa ule ule, mlima, maji, miti, nyumba, naye aliurudia mara mamia kwa siku, maana alilipwa kwa idadi ya mabuli na si kwa saa. Leo mabuli yale ya bei ya sokoni yanatafutwa na wakusanyaji.

Aliyeujulisha ulimwengu habari za Mashiko ni Hamada Shoji. Alikuja kuanza kazi huko mwaka 1924, akiwa kijana msomi aliyehitimu ufinyanzi katika chuo cha ufundi cha Tokyo na kufanya majaribio maelfu ya maabara juu ya ule mng'aro wa kioo unaopakwa kwenye vyombo kabla ya kuchomwa. Ungetegemea mtu wa namna hiyo aje na mapipa ya kemikali. Badala yake akatumia vilivyokuwa vikitumiwa na wafinyanzi wa pale: jiwe la karibu na kijiji, likisagwa na kuchomwa linatoa rangi ya hudhurungi iliyoiva, na majivu ya makapi ya mpunga, yanayotoa weupe wa maziwa. Maisha yake yote aliyapitisha na vitu vichache hivyo.

Je, wajua kwamba Hamada hakuweka alama yake kwenye vyombo alivyofinyanga Mashiko? Alipokuwa Uingereza, kabla ya kuja Mashiko, aliweka. Aliporudi akaacha, akasema kwa matendo kwamba chombo kijieleze chenyewe. Saini iliandikwa tu juu ya sanduku la mbao la kubebea, kwa hiyo sanduku likipotea kazi huanza: wataalamu hukaa wakibishana juu ya kitako cha bakuli. Mwaka 1955 serikali ya Japani ilimtangaza kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitwa hazina hai ya taifa kwa ufundi wao, na bakuli bado hazikuwa na jina.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana juu yake. Alikuwa na mtindo wa kumwaga mng'aro kwa upawa juu ya sinia kubwa, mstari mmoja wa haraka, basi. Mgeni akamuuliza inakuwaje kazi ya sekunde 15 iuzwe kwa bei ile. Hamada akamjibu ahesabu sekunde 15, kisha aongeze miaka 60. Wahenga wetu walisema mfinyanzi hulia gaeni, huyu hakuwasikia. Alikusanya vyombo vya kutumia kutoka Korea, China, Okinawa na Uingereza, na mwaka 1977, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, akavifungulia watu wote katika jumba la makumbusho kwenye kiwanja chake. Tanuri lake, lenye vyumba vinane vilivyopandana mlimani ili moto wa chumba cha chini upashe cha juu, liliharibiwa na tetemeko la Machi 2011. Wafinyanzi wa mji walilijenga upya na kuliwasha mwaka 2015.

Kuhusu moto wenyewe, mambo mawili matatu. Chombo kinachotoka tanurini ni kidogo kuliko kilichofinyangwa. Mara nyingi kimepungua kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo kifuniko hufinyangwa pamoja na chungu chake na kukaushwa nacho, la sivyo havitaonana tena. Chombo kisichokauka sawasawa hupasuka, kwani maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600. Na kwenye nyuzijoto 573 chembe za mchanga ndani ya udongo huvimba ghafla, jambo linalowafanya hata wafinyanzi wazee wapunguze kuni kidogo.

Je, wajua kwamba kutoka Mashiko hadi Nairobi ni watu watano tu? Wa kwanza ni Hamada. Mwaka 1920 alifuatana na rafiki yake Mwingereza, Bernard Leach, kwenda kujenga karakana katika mji wa pwani wa St Ives. Mwanafunzi wa kwanza wa Leach, mwaka 1923, alikuwa Michael Cardew. Cardew akaja Afrika: kwanza Ghana ya leo, kisha Nigeria, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1950 alianzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi Abuja. Si Abuja ya sasa. Mji ule leo unaitwa Suleja, na jina lake ulipewa mji mkuu mpya.

Cardew aliona katika jumba la mtawala wa Abuja mitungi mikubwa iliyochorwa mijusi, nyoka na samaki. Aliyeifinyanga alikuwa mwanamke wa Kigwari kutoka kijiji cha Kwali, naye ni Ladi Kwali. Mwaka 1954 akajiunga na kituo, mwanamke wa kwanza mahali palipokuwa na wanaume pekee. Wao walikaa kwenye magurudumu, yeye alisimama. Alichukua bonge la udongo, akalipiga ngumi katikati mpaka likawa shimo, akaanza kuongeza kamba nene za udongo moja juu ya nyingine. Chungu kilitulia mahali pake na aliyezunguka ni yeye, kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mmoja nje, hatua zake zikifanya kazi ya gurudumu. Watu wa London walishangaa, na Marekani, alikotembezwa mwaka 1972 kuonyesha kazi yake, walijaa ukumbini kumtazama akizunguka. Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku shahada ya heshima mwaka 1977. Alifariki mwaka 1984, na picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20.

Hapa pana kichekesho ambacho wasifu wake mwingi hukiruka. Mitungi ya kwao Kwali ilichomwa kwa moto wa wazi, ikabaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya kidogo kidogo, hukauka juu ya ukuta wa nje, na kukauka huko ndiko kunakoyapoza yaliyobaki ndani. Kituoni mitungi yake ilipakwa mng'aro na kuchomwa kwa joto kali hadi vitundu vikazibika. Ikawa mizuri, ikauzwa Ulaya, ikaingia makumbusho. Maji ndani yake hayapoi tena kuliko kwenye ndoo ya plastiki.

Wa tano ni Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza kusoma mwaka 1971, na ni huko alikoambiwa aende Nigeria. Katikati ya miaka ya 1970 akakaa Abuja, akajifunza kwa Ladi Kwali na wenzake kufinyanga bila gurudumu. Vyombo vyake havipakwi mng'aro. Husuguliwa kwa mkono hadi vikateleza. Chombo kikichomwa penye hewa ya kutosha kinatoka na rangi ya machungwa. Kikirudishwa tanurini na kunyimwa hewa, udongo ule ule unakuwa mweusi, kwa sababu chuma kilichomo hunyang'anywa oksijeni. Mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Vyombo vyake vina shingo, tumbo na mdomo kama mtungi wowote wa nyumbani, ila hakuna atakayethubutu kuvichotea maji.

Anayetaka vya kuchotea maji aende Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wanawake wa Kikisi wa kijiji cha Ikombe hufinyanga vyungu, huvisugua kwa kokoto laini, na kuvisafirisha kwa mitumbwi mpaka soko la Jumamosi la Lyulilo. Kutoka hapo vinapakiwa vikiwa vimefungwa nyasi, vinapanda hadi Mbeya na kwingineko. Hakuna mahema wala kalenda ya utalii, ila mnunuzi hufanya kilekile anachofanya mzoefu wa Mashiko.

Kwanza hukigonga chungu kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia, chenye ufa, hata usioonekana, hutoa sauti ya ubao. Pili hukipindua. Kitako ndicho mahali mvivu anapojulikana: kikikwaruza kiganja, kitakwaruza na meza. Buli hutiwa maji kama mwenyewe ataruhusu, maana mdomo mzuri hukata maji papo hapo na mbaya huyaacha yatiririke kidevuni hadi kwenye kitambaa. Kifuniko huzungushwa pande zote. Kikikaa upande mmoja tu, kiliachana na chungu chake mapema.

Kazi ya mwisho hufanywa nyumbani. Chungu cha kupikia kisicho na mng'aro hakitumiwi siku kilipofika. Wajapani hupika ndani yake uji mwepesi wa mchele kwa moto mdogo, wakauacha upoe humohumo, ili wanga uzibe vitundu. Ukifanya hivyo usikimwagie maji baridi kingali cha moto, na usikiweke jikoni kitako kikiwa kimelowa. Uji wa kwanza wengi huumwaga. Una ladha ya udongo.