Mshtakiwa Akifariki Kabla ya Rufaa Kuamuliwa: Je, Deni la Chama Hufa Naye?



Katika ziara za ukaguzi, kuanzia vyama vya kahawa vya milimani Mbinga hadi kwa wanachama wa ufukweni Liuli na Mbamba Bay, swali moja hurudi mara kwa mara. Tuchukue mfano: mtunza fedha ametiwa hatiani kwa wizi wa fedha za chama, amekata rufaa, naye amefariki kabla rufaa haijasikilizwa. Baadhi ya wajumbe husema faili lifungwe na deni lifutwe. Wengine hutaka mjane anyang'anywe shamba la kahawa mara moja. Pande zote mbili zimekosea.

Yafaa kwanza kutenganisha jinai na madai.

Shauri la jinai ni la Jamhuri dhidi ya mtu mwenyewe, na kifungo hakirithiwi. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, rufaa hukoma mrufani anapofariki, isipokuwa rufaa ya kupinga adhabu ya faini. Sababu yake ni dhahiri: kifungo humfika mkosaji peke yake, bali faini hugusa mali anayowaachia warithi.

Kuhusu hatia yenyewe, mahakama za dunia hazifuati njia moja. Nchini Marekani, Kenneth Lay wa kampuni ya Enron alitiwa hatiani Mei 2006, akafariki Julai kabla ya kupewa adhabu. Oktoba mwaka huohuo mahakama ikaifuta hatia yake. Kinyume chake, Jenerali Rasim Delić alifariki Aprili 2010 akingojea rufaa, na Mahakama ya Kimataifa ya Yugoslavia ya zamani, iliyokuwa The Hague, ikaamua kwamba hukumu ya kwanza ibaki. Lakini hata baada ya hatia ya Lay kufutwa, Serikali ya Marekani ilifungua shauri la madai kuifuata mali aliyoiacha. Fedha ni jambo jingine.

Ndivyo ilivyo kwetu. Sheria yetu, Sura ya 310, hutamka kwamba haki ya kumdai mtu huendelea dhidi ya mali aliyoiacha, ila katika mambo machache kama kashfa. Kwa hiyo, chama kilichofungua shauri la madai hakipotezi haki yake kwa sababu ya msiba. Huipoteza kwa kulala.

Makatibu wanashauriwa kufanya yafuatayo. Kwanza, pateni uthibitisho wa kifo na tarehe yake. Pili, ulizeni kama msimamizi wa mirathi ameteuliwa. Familia ikikawia, Mahakama ya Mwanzo huweza kuombwa na mtu yeyote mwenye maslahi katika mirathi hiyo. Tatu, ombeni mahakama imwingize msimamizi huyo katika shauri badala ya marehemu. Muda ni siku 90 tangu kifo katika mahakama zinazofuata Sheria ya Mwenendo wa Madai, na miezi 12 katika Mahakama ya Rufani. Muda ukipita, shauri au rufaa hukoma. Nne, tunzeni stakabadhi, hati za malipo, daftari la fedha na taarifa za ukaguzi. Marehemu hawezi kuhojiwa, hivyo karatasi ndizo zitakazosema.

Wajumbe nao wakumbuke mpaka wa haki hiyo. Msimamizi hulipa kutokana na mali ya marehemu tu. Mjane na watoto hawawajibiki kwa jasho lao wenyewe, wala shamba lao binafsi haliguswi, isipokuwa aliyetia sahihi kuwa mdhamini. Huyo hufungwa na ahadi yake. Kwenda msibani kudai fedha ni kuvunja utu na ni kuvunja ushirika.

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Chama kisipofika mahakamani kwa wakati, fedha za kahawa ya wanachama zitapotea mara ya pili, na safari hii mkosaji atakuwa chama chenyewe.