Kadhi Abdulaziz al-Amawi: Kiswahili cha Mahakama na Kiswahili cha Misafara

Katika Fizi na Baraka, magharibi mwa Ziwa Tanganyika, historia ya Kiswahili huhusishwa aghalabu na Tippu Tip na Rumaliza, yaani na misafara. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Misafara ilitegemea mikopo ya Unguja, na deni lililozua ugomvi lilipelekwa kwa sultani, kwa balozi au kwa kadhi. Miongoni mwa makadhi hao alikuwamo Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi.

Alizaliwa Barawa mwaka 1838, akasoma sheria ya madhehebu ya Shafi kwa Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, naye pia Mbarawa na kadhi. Alikuwa hajatimiza miaka 20 Sayyid Said alipompa ukadhi wa Kilwa. Baadaye alihamia Unguja. Cheo hicho hakikuwa cha vitabu vitupu. Masultani walikuwa Waibadhi, ilhali raia wao wengi wa pwani walikuwa Washafi, hivyo kadhi wa Kishafi alisimama kati ya ikulu na msikiti. Sayyid Barghash (1870–1888) alimfanya pia mjumbe wake, akamtuma kusini hadi nchi za Mto Ruvuma kuzungumza na wakuu wa huko. Hapo mwanasheria amekwisha kuwa mwanasiasa, na ni vigumu kudai kwamba hakimu wa namna hiyo alikuwa huru mbele ya aliyemteua. Alifariki mwaka 1896, na mwanawe Burhan naye alikuwa kadhi.

Kwa wanaisimu, kisa chenye uzito zaidi ni cha Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864. Al-Amawi alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu. (Kadhi akifasiri Zaburi kwa ajili ya kanisa: jambo hilo lastahili kufikiriwa.) Kazi ilikwama. Shughuli za kadhi zilikuwa nyingi, na Kiswahili chake, kwa maoni ya Steere, kilikuwa cha kisomi mno kwa watu wasio na elimu. Steere akafuata lugha nyepesi zaidi ya Unguja, na mwaka 1928 Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Kiswahili kilichovuka ziwa kilikuwa cha wapagazi na wachuuzi, kikakutana na Kibembe na baadaye Kifaransa. Hata hivyo msamiati wa kadhi ulisafiri mizigoni mwao: haki, sheria, deni na shahidi yangali yakitamkwa Baraka, kando ya tribinali.