Gari Kuukuu la Bei Rahisi na Hukumu ya Aibu Zilizofichwa

  

 Huenda wakawapo watakaostaajabu kusikia kwamba maneno yetu ya leo ni juu ya magari. Lakini kijana wetu madrasani husomeshwa mlango wa biashara, akahifadhi hukumu za ngamia, mbuzi na ngano, kisha akitoka akaenda uwanjani kwa dalali kununua gari, husahau kabisa kwamba masala yale yale ndiyo yaliyosimama mbele yake juu ya magurudumu manne. Na watu waletao ugomvi wa namna hii kwa masheikh wao si wachache. Mtu amekusanya akiba ya miaka, pengine na sehemu ya mirathi ya mayatima, akanunua gari ili lifanye kazi ya teksi. Wiki ya pili injini imekufa, na muuzaji hushika neno moja tu: nilikuuzia kama lilivyo.

Basi neno hilo, "kama lilivyo", lamtoa muuzaji dhimani?

Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar, radhi za Allah ziwe juu yao yeye na baba yake, alimwuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti ya kutodaiwa aibu yoyote. Mnunuzi akarudi na madai kwamba mtumwa yule alikuwa na maradhi ambayo hakuambiwa. Shauri likafika kwa Sayyidna Uthman, naye akahukumu kwamba Ibn Umar aape kuwa alipomwuza hakuyajua maradhi hayo. Ibn Umar akakataa kuapa, akampokea mtumwa wake. Baadaye mtumwa akapona, akauzwa kwa dirhamu 1,500. Tazameni jinsi kadhi alivyouliza. Hakuuliza kama sharti ilitamkwa, maana ilitamkwa. Aliuliza kama muuzaji alijua.

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, sharti hiyo humwokoa muuzaji katika jambo moja tu: aibu ya ndani iliyomo katika mnyama, ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Mwanafunzi mwerevu aweza kusema kwamba gari kuukuu lafanana na mnyama, kwa kuwa nalo hula, hunywa, na huugua ndani kwa ndani. Kiasi hicho si kibaya. Lakini hata tukimkubalia, aibu aliyoijua muuzaji akainyamazia haimtoki shingoni, liwe gari la milioni thelathini au la milioni tatu.

Hapa yafaa tuwe waadilifu kwa muuzaji pia. Si kila uchakavu ni aibu. Wanavyuoni wameieleza aibu kuwa ni upungufu unaopunguza thamani ya kitu, au unaoondoa makusudio sahihi ya mnunuzi, ikiwa kwa kawaida kitu cha jinsi ile hakiwi nao. Mwenye kununua gari la umri wa miaka ishirini asirudi kulalamika kwamba viti vimepauka, rangi imechujuka, na mlango wa nyuma wataka kusukumwa kwa goti. Hayo ndiyo maumbile ya jinsi ile, na bei yake imekwisha kuyahesabu. Ama chasisi iliyokatika ikaungwa kwa kuchomelewa, injini ambayo maji yaingia katika silinda, breki zisizoshika, au gari lililozama katika mafuriko, hizo ni aibu katika gari la umri wowote.

Magari mengi ya nchi zetu za pwani yatoka Japan. Huko sheria hulilazimisha gari dogo la abiria kufanyiwa ukaguzi wa serikali, mara ya kwanza likiwa na miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama zake ni nzito. Kwa hiyo wenyewe huona nafuu kuliuza gari lingali zima. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Lakini hilo tunaloliita rahisi sana mara nyingi si lile lililoshuka melini juzi. Ni lile lililokwisha pita mikononi mwa watu wanne au watano hapa hapa kwetu, na kila mmoja ameliuza alipoanza kusikia mlio asioujua.

Mnunuzi naye ana wajibu wa kutazama. Nenda mchana mweupe, wala si wakati wa mvua, kwa kuwa maji huficha rangi iliyopakwa upya. Mtake muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, na ufikapo weka mkono wako juu ya boneti. Injini baridi haijui kusema uwongo. Iliyokwisha pashwa moto huficha ugumu wa kuwaka na kelele za asubuhi. Kabla haijawashwa, fungua kifuniko cha oili. Utando mzito wa rangi ya maziwa huenda ukawa dalili kwamba maji yamechanganyika na oili. Fungua na rejeta uone kama maji yake yana mafuta, lakini iwe injini ingali baridi, kwani rejeta ya moto ikifunguliwa humwunguza mtu uso. Kisha liwashwe, usimame nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi kiasi. Moshi mweupe mzito, usiokoma hata injini ikishika moto, ni maji yanayoingia ndani ya silinda. Ule ukungu mwepesi wa alfajiri hauna neno. Likiwa na giaboksi ya otomatiki, tazama oili yake: nyingi huwa nyekundu zikiwa nzuri, na ikigeuka kahawia nzito na kunuka kuungua, gharama iko njiani.

Usione haya kupiga magoti na kuchungulia chini. Hewa ya bahari ya Tanga, Mombasa na Unguja hula chuma, na mwenye kutaka kuuza haraka hupaka rangi nyeusi juu ya kutu. Gonga, utazame palipochomelewa. Chukua sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa. Hushika bati, haishiki puti. Tairi zilizolika upande mmoja zaonyesha kwamba magurudumu hayakunyooka, pengine na chasisi pia. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne: zikiwa 2319, basi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Uvute mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Alama ya tope katika sehemu ile isiyoonekana kwa kawaida ni ushahidi wa mafuriko.

Ama breki, kanyaga kwa nguvu, ushikilie kwa muda wa dakika moja. Pedali ikizama polepole, usiliendeshe gari hilo hata kwa majaribio. Katika mambo mengine hasara ni ya mfuko wako. Katika hili, damu itakayomwagika yaweza kuwa ya mtoto wa jirani atokaye chuoni. Na uende na fundi wako mwenyewe, umlipe ujira wake, si fundi aliyeletwa na dalali.

Sasa tufike kwenye hila. Mtume (S.A.W.) alikataza kufunga viwele vya ngamia na mbuzi ili maziwa yajikusanye siku ya kuuza, akampa mnunuzi aliyehadaika hiari ya kumweka mnyama au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Mafakihi wakaliunganisha na hilo tendo la kuyazuia maji ya mfereji wa kinu na kuyaachilia siku ya mauzo, ili kinu kionekane kina nguvu. Basi mwenye kuzirudisha nyuma kilomita za dashibodi, au kutia oili nzito ili kelele ya injini inyamaze kwa siku mbili, au kung'oa taa ya onyo isiwake, huyo amefunga kiwele. Washa swichi utazame: taa za onyo za oili na za mifuko ya hewa sharti ziwake kwanza, kisha zizime. Isiyowaka kabisa ni ya kutiliwa shaka. Na kilomita zilinganishwe na pedali, usukani na kiti cha dereva, na kwa gari la Japan, na cheti chake cha kusafirishia nje, ambamo kilomita huandikwa.

Dalali na fundi wasidhani wamo nje ya hukumu hii. Wathila bin al-Asqa, sahaba wa Mtume, aliona ngamia ameuzwa kwa dirhamu 300, akamkimbilia mnunuzi na kumwuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Alipojibiwa kuwa ni kwa kupanda, akamweleza kwamba kwato yake ina tundu, hawezi safari ndefu. Mnunuzi akarudi, akapunguziwa dirhamu 100. Wathila hakuwa mwenye ngamia. Na dalali apigaye simu ya uwongo, ati yuko mteja mwingine njiani na fedha mkononi, hiyo ndiyo najshi iliyokatazwa, hata kama zama zile hapakuwa na simu.

Karatasi nazo zisomwe kabla ya fedha kutoka. Nambari ya chasisi iliyogongwa katika chuma na ile ya kadi ziwe moja. Wala usishtuke ikiwa gari la soko la Japan halina tarakimu na herufi 17 kama mengine, kwani nambari zake ni fupi. Jina la kadi liwe la huyo auzaye, au awe na uwakala wake wa maandishi. Gari lililowekwa rahani kwa mkopo haliuzwi ila kwa idhini ya mwenye kukopesha.

Na asiyejua magari asiondoke bila kuweka sharti. Habban bin Munqidh alikuwa akihadaiwa sana sokoni, Mtume (S.A.W.) akamwelekeza atamke wakati wa kununua kwamba hapana ulaghai, naye akawa na hiari ya siku tatu. Wewe nawe waweza kushurutisha siku tatu, iandikwe na kushuhudiwa. Katika madhehebu yetu hazizidi hapo.

Ikidhihiri aibu iliyokuwamo tangu kwa muuzaji, mnunuzi ana hiari: arudishe gari apewe fedha zake, au abaki nalo kwa bei ile ile. Ikiwa limepatwa na aibu mpya mkononi mwake, hawezi kumlazimisha muuzaji alipokee; muuzaji asiporidhika kulichukua hivyo, mnunuzi hulipwa fidia. Hesabu yake ni hii: gari lingalikuwa zima lingalifika shilingi milioni 8, na kwa aibu ile ya zamani lafika milioni 6. Upungufu ni robo. Ikiwa alilinunua kwa milioni 4, hurudishiwa robo ya bei hiyo, yaani milioni 1.

Lakini haki ya kurudisha ni ya papo hapo. Aliyeigundua aibu leo akaendelea kubebea abiria hadi mwisho wa mwezi, amekwisha ipoteza. Aliegeshe, ampashe muuzaji habari siku hiyo hiyo, na mashahidi wawepo. Akilazimika kuliendesha ili kulirudisha, hapana ubaya, kama walivyosamehe mafakihi kumpanda mnyama mkaidi asiyekubali kukokotwa mpaka kwa mwenyewe.