Bandama, Ghala la Damu la Farasi

Kwa farasi aliyetulia, chembechembe nyekundu huchukua takriban asilimia 35 hadi 40 ya ujazo wa damu. Akikimbia kwa kasi, kiwango hicho huweza kufikia asilimia 60 au zaidi. Chembechembe hizo hazizalishwi papo hapo, bali hutoka katika bandama. Neva na homoni ya adrenalini huifanya bandama ijikaze na kumimina akiba yake; damu inayozunguka huongezeka, na misuli hupata oksijeni zaidi. Bandama ya binadamu haina akiba kubwa kiasi hicho.

Hofu pia huikaza bandama. Kwa hiyo, kipimo cha farasi aliyeshtuka chaweza kuficha upungufu wa damu. Sampuli ichukuliwe akiwa ametulia.