Kompyuta Zimefika, Mwenye Ufunguo Ni Nani?

Mwalo wa Masese, mashariki mwa mji wa Jinja, huamka na harufu ya dagaa. Wanawake huwaanika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, huwageuza jua linapopanda, na watoto ambao wangepaswa kuwa darasani hukaa pembeni kufukuza ndege. Nyuma ya mwalo kuna Masese III, mtaa ambao wakazi wake wengi wana asili ya Karamoja; wazee wao walikuja huku wakikimbia njaa na bunduki za wezi wa mifugo. Mtoto wa hapa huongea Kikaramojong na mama yake, Kisoga na Kiganda akitumwa dukani, na mtihani wa darasa la saba ataufanya kwa Kiingereza.

Uganda imefanya mengi ili vitabu na kompyuta zifike shuleni. Karibu yote yaliishia hatua chache kabla ya kumfikia mtoto huyu.

Tuanze na vitabu. Mwaka 1948 lilianzishwa East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji lenye makao yake Nairobi, kuwahudumia wasomaji wa Afrika Mashariki. Halikungoja majengo. Lilipanga vitabu ndani ya masanduku, yakasafirishwa hadi vijijini, na msomaji wa mbali aliweza kuazima kitabu kwa njia ya posta. Baada ya uhuru Uganda ikaunda Bodi ya Maktaba za Umma mwaka 1964, na miji kama Jinja na Mbale ikawa na maktaba zake. Kisha ikaja Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, iliyozikabidhi maktaba hizo kwa halmashauri. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, maktaba iwe mali ya wenyeji. Lakini halmashauri yenye mitaro iliyoziba, takataka zisizozolewa na barabara zenye mashimo huviweka vitabu mwisho wa foleni, na mwisho wa foleni fedha huwa zimekwisha.

Ndiyo maana rafu nyingi hutegemea vitabu vya msaada. Book Aid International, shirika la Uingereza lililoasisiwa na Lady Ranfurly mwaka 1954, limekuwa likituma vitabu kupitia Maktaba ya Taifa ya Uganda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mwaka huo huo Maktaba ya Taifa ilijaribu jambo ambalo hadi leo linanivutia: gari lenye dishi la setilaiti, printa na mashine ya kujalidi. Lilifika kijijini, likapakua kitabu kutoka kwenye intaneti, likakichapa na kukijalidi mbele ya watoto, kikiwa bado na joto la printa. Sanduku la 1948 lilikuwa limerudi likiwa na magurudumu.

Kompyuta nazo zina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mradi wa Benki ya Dunia wa kuunganisha shule na intaneti, World Links, ulifika Uganda miaka ya mwisho ya tisini, na miongoni mwa shule za mwanzo zilikuwamo Namilyango na Gayaza, shule kongwe zenye jina. Baadaye Tume ya Mawasiliano ya Uganda, kwa mfuko unaotokana na tozo ya mapato ya kampuni za simu, ilijenga maabara za kompyuta katika mamia ya sekondari za serikali. Kuanzia 2012, mwanafunzi wa kidato cha tano alitakiwa kuchagua ama kompyuta ama hisabati kama somo la ziada. Hapo wakuu wa shule walianza kutafuta mashine kwa udi na uvumba, mpya kwa za mtumba.

Sekondari, sekondari, sekondari. Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami. Elimu ya msingi kwa wote ilianza Januari 1997, na madarasa ya kwanza yakafurika. Lakini watoto wengi wanaoanza darasa la kwanza Uganda hawafiki la saba. Wa Masese huondoka kwa sababu zinazoonekana kwa macho: dagaa wa kuanika, vyuma chakavu vya kuokota, mdogo wa kubebwa mgongoni mama akiwa kwenye mapipa ya pombe ya kienyeji. Maabara ikijengwa kidato cha tano, mtoto aliyeacha shule darasa la nne haioni hata kupitia dirisha. Tumeweka vyombo vya thamani kwenye ngazi ya juu ilhali wengi huangukia ngazi ya chini.

Na hata huko juu, ingia ndani ya chumba chenyewe. Chumba cha kompyuta katika sekondari ya kawaida ya mashariki mwa Uganda ndicho chenye nondo nene kuliko vingine vyote, mlango wa chuma na kufuli mbili. Ndani, mashine zimefunikwa vitambaa kwa ajili ya vumbi jekundu. Nusu zinawaka. Moja haina kipanya, nyingine imetolewa kumbukumbu ili kuponya ya tatu. Ufunguo uko kwa mwalimu mmoja, na mwalimu huyo ana vipindi vya fizikia katika shule mbili. Asipokuwapo, chumba hakifunguliwi, kwa kuwa kikipotea kitu atakayeulizwa ni yeye. Simlaumu hata kidogo. Amekabidhiwa mali ya mamilioni bila msaidizi na bila posho, na njia salama kwake ni kufunga.

Kuhusu umeme, kuna jambo linalouma. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth Aprili 1954, mwendo mfupi tu kutoka mwalo wa Masese. Bujagali likafuata mwaka 2012. Penye miti hapana wajenzi: Busoga, eneo lenye mji wa Jinja, linalotazama mto ukizungusha mitambo, bado lina shule za msingi za serikali zisizo na hata balbu darasani. Zenye waya nazo hununua Yaka, umeme wa kulipia kabla, kwa kuhesabu sarafu. Ruzuku ya serikali kwa mtoto wa shule ya msingi, baada ya kupandishwa kutoka shilingi 10,000, imefikia 20,000 kwa mwaka mzima. Shule ya watoto 600 hupata milioni 12, na hizo ndizo za chaki, mitihani, michezo, vitasa na paa linalovuja. Ukiipa shule hiyo kompyuta 20 za zamani zinazokula umeme, umeipa deni.

Habari njema ni kwamba mashine kubwa si lazima tena. Mwaka 2012 Waingereza walitoa Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki. Inakula umeme mdogo kama simu inayochajiwa. Ukiipa kadi ya kumbukumbu iliyojazwa masomo, inakuwa maktaba nzima inayorusha waifai yake yenyewe, bila bando na bila mnara. Programu kama RACHEL na Kolibri zimetengenezwa kwa kazi hiyo: zina ensaiklopidia, masomo ya hisabati ya video, vitabu vya afya na hadithi. Iwashe kwa betri iliyochajiwa na sola, iweke juu ya meza ya mwalimu, na simu yoyote janja iliyo karibu inaweza kuisoma. Kwa mwalimu anayeandaa somo la kesho na kitabu kimoja cha kiada mkononi, hilo ni jambo kubwa sana.

Afrika Kusini ilitufundisha njia nyingine ya kubana matumizi. Miaka ya 2000, wakfu wa Mark Shuttleworth, mtu yule aliyeanzisha mfumo wa kompyuta wa Ubuntu, ulifunga maabara zilizoitwa tuXlabs katika shule za Western Cape. Seva moja yenye nguvu ilibeba kazi yote, na kompyuta kuukuu zikawa viambata vyake, zikitumia programu huria zisizo na leseni ya kulipia. Somo hilo lina faida leo, kwa sababu Windows 10 iliachwa rasmi Oktoba 2025 na maofisi ya Ulaya yanatupa mashine ambazo bado ni nzima. Zitakuja. Afadhali zije zikiwa na mfumo unaosasishwa kuliko kuja kufa mikononi mwetu.

Lakini kisanduku kile cha waifai, chenye vitabu elfu moja vya Kiingereza, kitamsaidiaje mtoto wa darasa la pili wa Masese III? Mtaala wa 2007 unataka mtoto afundishwe kwa lugha ya nyumbani hadi darasa la tatu, ila mjini, kwenye mchanganyiko wa lugha, walimu mara nyingi huanza na Kiingereza moja kwa moja. Hapa tena msaada umetoka kusini. Taasisi ya Saide ya Johannesburg ilifungua African Storybook mwaka 2014, mkusanyo wa hadithi za picha ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzitafsiri na kuzichapa bure. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za majaribio, na mratibu wake alikuwa Juliet Tembe, msomi wa lugha aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale. Humo zimo hadithi za Kisoga, za Kimasaba cha watu wa Mbale, na za Kikaramojong.

Zitazame zilivyo. Picha moja kubwa, chini yake sentensi moja au mbili. Karatasi nne zilizokunjwa katikati na kupigwa pini ni kitabu kizima, na printa ya kawaida inatosha. Mama asiyejua Kiingereza anaweza kumsikiliza mwanawe akisoma na kumwambia hapo umekosea. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe katika shule za msingi na sekondari, kisanduku hicho hicho kinaweza kubeba hadithi za Kiswahili pia, badala ya kungoja lori la vitabu.

Tuliona gharama ya kukosa haya yote. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingi duniani. Wenye kompyuta nyumbani waliendelea na masomo. Wa Masese waliambiwa wasikilize redio.

Vifaa basi vipo, hadithi zipo, na bei zimeshuka. Anayekosekana ni mtu. Katika ikama ya shule ya msingi ya serikali yumo mwalimu mkuu, yumo naibu wake, wamo walimu, mkutubi hayumo. Wafadhili hupenda kupiga picha mbele ya kontena, na mshahara haupigwi picha. Afrika Kusini, chama cha Equal Education kilianzisha kampeni mwaka 2009 kikidai kila shule iwe na maktaba na mkutubi. Wanafunzi wenyewe waliandamana, na mwaka 2013 serikali ikatoa kanuni za miundombinu zenye tarehe za mwisho, ya maktaba ikiwa 2023. Tarehe hiyo ilipita shule nyingi zikiwa bado hazina. Hata hivyo wazazi wa kule wana karatasi ya sheria ya kumwonyesha waziri.

Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, na kila mwaka madiwani wake hupitisha bajeti kabla ya Julai. Ombi la kupeleka mezani mwa wale wa Jinja ni dogo: mkutubi mmoja kwa shule tatu au nne za msingi za Masese na mtaa jirani wa Walukuba, mwenye mshahara, baiskeli, kisanduku chake cha waifai, karatasi za kuchapia hadithi na ufunguo wa chumba. Azunguke wiki nzima, na Jumamosi akae mwaloni, maana siku hiyo ndipo watoto waliopo huko ni wengi zaidi.