Krismasi Dar, Homa Kitandani

Hebu fikiria: mwaka mzima unaisubiri safari ya Dar. Umetoka kwenye baridi ya Makete, tarehe 15 Desemba ukashuka kwa shangazi. Kila jioni stori barazani na kaptula, mpaka saa tano. Tarehe 24, badala ya kwenda Coco Beach kujirusha, unatetemeka chini ya blanketi, kwenye joto lile! Shangazi anasema, "Uchovu wa basi huo, mwanangu." Uchovu gani wa siku tisa?

Ukiumwa na mbu mwenye vimelea vya malaria, homa huja siku 7 au zaidi baadaye. Vimelea huzaliana kwanza kimyakimya kwenye ini, ndipo vivamie damu. Na wewe uliyekulia kwenye baridi, mwili wako haujazoea kupambana navyo. Isipotibiwa, malaria inaweza kuwa kali ndani ya saa 24. Kwa hiyo usimeze vidonge vya maumivu ukangoja sikukuu ipite. Kapime siku hiyohiyo: tone la damu kidoleni, basi. Ukipewa dawa mseto, maliza zote siku 3, hata kama kesho yake umeshaanza kuitamani pilau.

Na homa ikikukuta umesharudi shule Januari? Mwambie daktari ulikuwa Dar.